Jogoo wa Chini ya Shuka

Saa nne na robo asubuhi (mimi ni fundi saa, niaminini) nilikuwa nimemkalia mama mkwe wangu mapajani, nimejifunika shuka, ninawika. Najua mtacheka, lakini afadhali mlisikie jambo hili kwangu kuliko kwa watu wa mtaani kwetu Bwaise, ambao kila wakilisimulia wanaliongeza chumvi.

Mke wangu Robina aliumia uti wa mgongo katika ajali ya gari, akawa hana hisia kuanzia kifuani kwenda chini. Tulipopata mtoto tulimfunga Robina kwenye kiti kwa leso asianguke, tukamlaza mtoto juu ya mto mbele yake, mtoto akanyonya kwa bidii zake zote, na maziwa yasitoke. Mkunga akatueleza kwamba maziwa yamo, ila habari kwamba mtoto ananyonya haifiki kichwani, kwa hiyo ipitie njia nyingine: mama atulie, amtazame mtoto, afurahi. Maziwa ya kopo siku zile za uhaba hata kwenye maduka ya Kikuubo yaliuzwa kwa kunong'ona, na mtoto alikuwa anakonda. Nikamsomea Robina gazeti (magazeti ya enzi ile ya utawala wa jeshi hayakumfurahisha mtu), nikamwimbia nyimbo za kanisani, mwisho nikamwigia jogoo anayefukuzwa na tetea. Akacheka, na maziwa yakatoka.

Ndipo mama yake akaja kutusaidia. Kwa Waganda, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawagusani, nasi tulikuwa na chumba kimoja tu, basi tukatundika pazia katikati. Hajamaliza hata kukaa, mtoto akalia. Nikafikiri kwa makini, nikaona kwamba nikijifunika shuka sitamwona wala hataniona, kwa hiyo hata pazia likipeperuka tutakuwa hatujaonana. Nikaanza: nikapiga mabawa, nikakimbia, nikazunguka kupita kiasi, pazia likaanguka nami, nikatua juu ya kitu laini kilichopiga yowe.

Jirani yetu, sajini wa jeshi, akaingia na bunduki.

"Wewe mutu ya shuka! Mikono juu! Nafanya nini huyu mama?"

Nikainua mikono, bado nimekaa palepale.

"Afande," Robina akasema, kicheko kikimkata pumzi, "ananisaidia kunyonyesha."

Sajini akaitazama shuka, akawatazama majirani waliojaa mlangoni.

"Kunyonyesha? Nyinyi watu ya Bwaise!" Akaondoka upesi, kama anayeogopa kuambukizwa.

Hapo tukamsikia mtoto akimeza, glu, glu, kuliko siku zote. Mama mkwe, uso ameugeuzia ukutani, akamwambia binti yake: "Mwambie bwana wako amenigusa. Faini yake ni jogoo."

Nikaapa sitawika tena maishani. Kiapo kilidumu mpaka saa saba, mtoto alipolia, na sauti ikatoka nyuma ya pazia tulilolitundika upya: "Robina, mwambie aanze. Nimefumba macho."

Jogoo wa kweli nilimnunua kwa shilingi thelathini. Yule wa bandia aliwika bure mpaka mtoto alipoacha kunyonya.