Niliizima Simu ya Marehemu

Aibu hii wengine wenu mliiona kwa macho, mkiwa mmekaa kwenye mikeka pale nyumbani kwangu, lakini mlichoona ni mwisho wake tu, na mwanzo wake tulikuwa tunaujua watu wawili, mimi na mke wangu Mwanaidi, naye sasa yuko chini ya udongo, kwa hiyo nimebaki mimi wa kuusema.

Mwanzo ulikuwa friza. Mnajua kazi yangu ilikuwa samaki: nachukua Mlingotini asubuhi, nagandisha nyumbani, napeleka Chalinze kwa mama ntilie wanaopikia madereva wa malori. Friza ikaharibika, nikakopa kwenye simu nipate kuitengeneza, ile mikopo ya mtandaoni ambayo unabonyeza kidogo tu na hela imeshaingia kabla hujameza mate. Siku ya kulipa ikafika samaki hawajauzika, nikakopa kwingine nilipe kule, halafu kwingine tena nilipe kwingine, mpaka ikawa simu ikilia naifunika kwa mto.

Mwanaidi ndiye aliyesema neno la maana, na alilisema huku anachambua mchele, wala hakuniangalia.

"Baba Zuhura, uza friza, lipa watu."

"Nikiuza friza tutakula nini?"

"Tulikuwa tunakula kabla ya friza."

Sikumsikiliza. Nilimsikiliza rafiki yangu mmoja wa Mbegani, fundi wa mashine za boti (mtu mzuri, simlaumu, ila yeye mwenyewe anadaiwa mpaka na muuza kahawa), aliyeniambia nichukue mkopo mmoja mkubwa, nizime ile midogo yote, nibaki na mtu mmoja tu wa kumjibu. Likanikaa kichwani kama hesabu safi kabisa. Tatizo, laini yangu ilikuwa imeshachafuka, kila nikiomba nanyimwa. Laini ya Mwanaidi ilikuwa safi. Hakuwahi kukopa kwenye simu maisha yake yote.

Wakati huo figo zilikuwa zimeshaanza kumsumbua, amelala kitandani ameuelekea ukuta. Nikamweleza. Akanyoosha mkono akanipa simu na namba yake ya siri. "Chukua," akasema. "Lakini hilo ni jina langu, Baba Zuhura. Usiniaibishe."

Nikachukua. Kuna mahali waliniuliza kama nawaruhusu wasome majina yote yaliyomo kwenye simu, nikabonyeza kukubali, maana mimi ni wa darasa la saba na maandishi yale yalikuwa marefu kama khutba.

Midogo ikazimika kweli. Huo mkubwa nikaulipa mara mbili vizuri, halafu Mwanaidi akalazwa, na pesa ya marejesho ikawa pesa ya dawa. Hospitali haikuchukua muda mrefu. Alifariki alfajiri, tukamrudisha nyumbani, na kabla wanawake hawajaanza kumwosha simu yake ikaanza kuita juu ya kabati. Ikaita, ikakata, ikaita. Yeye amelala pale kafunikwa kanga, na ule mlio wake wa kucheza kama wa harusi. Wanawake wakaniangalia. Nilijua ni nani anayepiga, siku ya kulipa ilikuwa imeshapita. Nikaichukua nikaizima. Niliona nafanya heshima, na ndiyo hatua moja tu niliyoichukua siku ile kwa akili zangu timamu.

Sasa hawa watu wa mikopo wana utaratibu wao, mkopaji akizima simu wanawageukia wale waliomo kwenye simu yake. Na waliomo kwenye simu ya Mwanaidi walikuwa wapi siku ile? Walikuwa kwangu karibu wote, wamekaa chini ya turubai, wanasubiri Alasiri tukasalie jeneza.

Ilianza simu ya Hamisi, kaka yake. Akasoma, akakunja uso, akairudisha mfukoni. Kisha ya jirani yake. Kisha nikaanza kusikia vimlio vinatembea mkeka hadi mkeka, na kwa ndani huko kwa wanawake vilevile, na kila anayesoma anamwonyesha mwenzake kisha anatazama chini. Ikatetemeka na ya kwangu, ndani ya kanzu. Ujumbe ulisema nimfahamishe Mwanaidi alipe deni lake leo, kwamba amezima simu makusudi ili akwepe. Mimi mumewe, naambiwa nimfahamishe.

Halafu wakampigia Mzee Kondo. Huyu ni baba yake mdogo Mwanaidi, ndiye aliyekuwa msemaji wa familia, na kwa sababu masikio yake mazito simu yake husema kwa sauti ya kusikia mtaa mzima.

"Wewe ni mdhamini wa Mwanaidi?"

"Mimi baba yake mdogo. Nani mwenzangu?"

"Mwambie awashe simu alipe deni la watu."

"Mwanangu, Mwanaidi amefariki. Tunamzika leo saa kumi."

"Wote mnasema hivyohivyo. Tuma picha ya kaburi."

"Kaburi bado linachimbwa," Mzee Kondo akamjibu kwa upole, kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa.

Kuna mtu alicheka, akageuza kicheko kikawa kikohozi. Nami nilikuwa nimeegemea nguzo ya turubai, natamani nguzo ile ianguke.

Sasa mnajua desturi yetu: kabla jeneza halijanyanyuliwa msemaji husimama akauliza kama yupo anayemdai marehemu, ajitokeze kwa familia, na mwenye kusamehe asamehe. Huwa ni maneno ya kupita tu, watu wanaitikia huku wanavaa viatu. Safari hii Mzee Kondo alisimama na simu bado iko mkononi, akauliza, na hakuna aliyetafuta viatu.

Akasimama yule mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. "Mimi nimemkopesha Mama Zuhura vitenge miaka mingi," akasema. "Hajawahi kunizungusha hata siku moja. Deni hili limetoka wapi?"

Jibu lilikuwa limeegemea nguzo.

"Popote lilikotoka," akasema Hamisi, "dada yangu haingii kaburini na deni. Tuchange." Akavua kofia yake, akaweka noti, akaipitisha. Ikatembea mikononi mwa watu, wavuvi, walimu wa madrasa, watu wasio na kitu, mpaka ikanifikia mimi, na macho yote yananitazama kwa huruma. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa elfu tano, nikaitumbukiza.

(Hapo niacheni kidogo. Nimeyasema mengine yote bila kusita, hilo la elfu tano ndilo linaloniamsha usingizini.)

Mzee mmoja aliyekaa kando yangu akanigusa bega. "Subira, bwana," akaninong'oneza. "Kumbe mwenzio alikuwa amekufichia mzigo."

Hilo ndilo lililoninyanyua. Nikasema, "Hilo deni si la Mwanaidi." Walionisikia ni wa karibu tu.

"Sema tena, shemeji," Hamisi akasema. "Na wa nyuma wasikie."

"Ni langu. La friza na samaki. Laini tu ndiyo yake."

"Kwa hiyo ulimweka dada yangu rehani akiwa kitandani?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hamisi, basi," akasema Mzee Kondo. Akanigeukia. "Unalibeba mbele ya watu hawa?"

"Nalibeba."

"Basi limemtoka yeye."

Mkafikiri imekwisha, hapana, kulikuwa na kofia. Pesa ilibidi irudi kwa wenyewe, watu wakapanga mstari, huyu anasema yake ni ile iliyokunjwa, yule anasema si hiyo, wakibishana kwa sauti za chinichini huku marehemu anasubiri, na mwisho ikabaki noti moja, Hamisi akaiinua juu. "Na hii elfu tano ya nani?" Nikaenda kuichukua.

Jeneza liliponyanyuliwa nikaweka bega langu, Hamisi akaja mbele yangu akachukua nafasi ile. Nilimfuata mke wangu kwa nyuma, kama jirani.

Baada ya hitma niliuza friza, kwa bei ya kutupa, kwa mwenye bucha wa Chalinze. Nikalipa lote. Nikawasha simu ya Mwanaidi nione kama limefutika, ukaingia ujumbe: "Hongera Mwanaidi! Wewe ni mteja mwaminifu. Sasa unaweza kukopa zaidi." Nikangoja wawaandikie na wale watu wote kwamba amelipa. Hawakuandika.

Ndipo nikaamua kuwapitia mwenyewe, jina kwa jina kama yalivyo kwenye simu yake, nabisha hodi, naonyesha ule ujumbe. Wengi walinikaribisha. Hamisi aliusoma akiwa kasimama mlangoni, akanirudishia simu, akasema, "Sawa," wala hakunisogezea kiti. Kwa jina langu nitakopa nikibanwa, lakini jina la mtu mwingine sitaligusa tena mpaka nami nifunikwe.

Wa mwisho alikuwa Bi Tatu wa Mlingotini, aliyekuwa akimsukia Mwanaidi mikeka, na ambaye miguu ilimzuia kuja mazikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba."

Nikatoa simu, nikamweleza kuwa ule ujumbe ulioingia kwake siku ile haukuwa wa kweli, deni limelipwa, asome mwenyewe. Akaitazama simu, kisha akanitazama mimi.

"Mie kusoma sijui, mwanangu. Simu napigiwa tu." Akauweka chini ukili wa mkeka aliokuwa anausuka. "Kumbe Mwanaidi alikuwa anadaiwa?"

Nikakaa kwenye kibaraza chake.

"Hapana, bibi," nikasema. "Hakuwa anadaiwa." Nikaanza kumwelezea tena, kuanzia friza.