Ndago Ambayo Hakuna Aliyeiona Ikichanua

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Alice Khalayi ni viatu vyake vya mvua. Alikuwa akiingia kinamasini, karibu na Shinyalu, huku amevibana kwapani.

"Mama, mbona huvivai?" nilimwuliza.

"Matope yatavimeza, mwanangu. Mvua ikinyesha nitavaa nini?"

Mama Khalayi husuka mikeka. Tangu alipoolewa hapa, amekuwa akikata majani marefu yaotayo bondeni, penye udongo mweusi na maji yasiyokauka hata wakati wa kiangazi. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha. Lakini bonde ni la shemeji yake, Masinde, naye anataka kulipanda mikaratusi. Mikaratusi ikikua, mizizi yake itanyonya maji yaondoke, na majani yale yatayafuata.

"Hilo ni gugu tu, lililetwa na mafuriko," Masinde alisema siku nilipofika.

"Gugu! Na mkeka unaolalia kila mchana, shemeji, umesukwa kwa majani gani?"

Masinde alicheka, kisha akanigeukia. "Wewe umesomea mimea. Ukithibitisha kwamba ni mmea wa asili ya hapa, miti yangu nitaipanda kule juu mlimani. La sivyo, nachimba mashimo."

Nilikata shina moja nikalivingirisha kati ya vidole. Lilikuwa na pembe tatu, tena halikuwa na kifundo hata kimoja. Basi si nyasi; ni jamii ya ndago. Hata hivyo ndago ni za aina nyingi, za hapa na za kuletwa, na hutofautishwa hasa kwa maua na mbegu zake. Nikamwomba Mama Khalayi anionyeshe ua.

Aliangua kicheko mpaka viatu vikamponyoka, vikatumbukia majini. "Ua? Hata mimi sijawahi kuliona!"

Ilikuwa kweli. Wasukaji huikata ndago ingali changa, kwa kuwa ikishachanua shina hukakamaa na kuvunjika mkononi. Inayobaki huliwa na ng'ombe. Miaka yote hiyo, hakuna aliyeipa nafasi.

Tulizungushia uzio wa matawi kipande kimoja kando ya chemchemi. Jambo hilo lilimwuma Mama Khalayi, maana kipande hicho ndicho chenye mashina mazuri kuliko yote. Juzi nilimkuta pale ameshika mundu.

"Ninayasalimia tu," alisema.

Masinde naye hupita kila asubuhi. "Shemeji, bibi arusi wako bado hajatoka?"

"Bado anajipamba. Wewe tayarisha mashimo yako mlimani!"

Jana tuliona vitumba vya kijani kwenye ncha za mashina, vimefumba kama ngumi za mtoto mchanga. Vikifunguka tutampelekea mtaalamu wa ndago shina moja alitambue, na Mama Khalayi ameapa kwamba shina hilo atalibeba mwenyewe. Viatu ameshaviosha. Leo asubuhi Masinde alipopita, alimkuta amekalia kigoda kando ya uzio. Badala ya kutania, akaenda kuleta chake. Sasa tumekaa watatu, tukingoja jua lipande na vitumba vifunguke.