Mimi Ndiye Niliyesema Jumamosi

(Msomaji huyu ameomba tufiche jina lake na la mlima anakoishi. Tumemkubalia. Maneno ni yake mwenyewe.)

Hamjambo wasomaji wa ukurasa huu. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, nina mke na watoto wanne, na ninaishi upande wa Nyamira. Kazi yangu ni karani wa chifu. Ni kazi ya kuvaa viatu, na niliipenda sana mpaka mwezi huu. Sasa hata mlio wa mashine ya kupiga chapa sitaki kuusikia.

Mke wangu alizaliwa kwa Wasabato, akaiacha dini yao nilipomwoa. Au niseme aliacha nusu. Mpaka leo, kila Ijumaa hupika chakula cha siku mbili, na Jumamosi hutamwona akiwasha moto isipokuwa kupasha uji wa mtoto. Mimi hujifanya sioni. Huku kwetu Wasabato ni wachache, boma kama ishirini tu, na sisi wengine tunasali Jumapili. Kaka yake ni mwalimu wa shule yao ndogo iliyo juu ya mto, na mwaka huu anagombea kiti cha baraza la wilaya.

Hapo ndipo chifu alipoanza kukosa raha. Kura zetu ni za mlolongo: mgombea anasimama, wanaomtaka wanapanga mstari nyuma yake, watu wanahesabiwa. Asiyesimama mwenyewe hana mstari. Upande wetu wamejitokeza wawili ambao hawasalimiani, kwa hiyo wale wachache wakishikana wanaweza kuwapita wote wawili. Na chifu analitaka shamba la ile shule. Mwalimu akiingia barazani, halipati.

Siku moja aliniita. "Karani, D.C. amesema tuchague siku sisi wenyewe. Wewe unaona gani?"

Nikajibu bila hata kufikiri, "Jumamosi, Mzee. Jumamosi hao hawaji."

Alinitazama, akacheka polepole. "Momura, kijana wangu, hiyo kichwa yako iko na kazi." Kumbe hata hakuwa amewazia jambo hilo. Nilimpa mimi.

Mtaniuliza, shemeji yako alikukosea nini? Naona haya kusema. Ni chai. Krismasi iliyopita nilialika makarani wenzangu, nikapanga vikombe vipya mezani, chai ya maziwa na sukari. Shemeji akafunika kikombe chake kwa kiganja mbele ya wageni wangu, akasema, "Sisi hatunywi, shemeji. Nipe maji tu." Nilijua hawanywi, tangu zamani najua. Lakini mgeni mmoja alicheka, na kile kicheko nimekibeba moyoni miezi yote hii. Kwa ajili ya kikombe kimoja nimewafungia watu mlango.

Nilidhani mambo yangeishia kwenye kura. Juzi nilipita shuleni kwao nikawakuta askari kanga wawili wa chifu wakipima uwanja kwa kamba, watoto wako darasani wanasoma kwa sauti. Mmoja akagonga mlango kwa rungu. "Hii mbao bado ni mzuri," akaniambia. "Tutaitoa bila kuvunja." Kura bado haijapigwa, na wao wameshaanza kuhesabu mbao.

Niliporudi ofisini nikamwambia chifu, labda tusogeze siku mpaka Jumatatu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Karani, hii kalamu ni mimi nilikupa. Na bibi yako ni mtoto wa nani, sijasahau." Kisha akaniuliza kama watoto hawajambo.

Lililonimaliza kabisa ni la Jumapili. Shemeji alikuja nyumbani, akaketi, akapewa maji. "Shemeji, watu wangu wananisumbua juu ya siku," akasema. "Mimi naambia wao, wacheni wasiwasi, karani ni wetu. Ikijulikana si utaniambia?"

Mke wangu alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, akadakia, "Atakuambia. Huyu hawezi kukuficha kitu."

Nikasema ndiyo, nitakuambia.

Ninapoandika haya, tangazo liko mbele yangu, na tarishi huniuliza kila asubuhi kama liko tayari. Chifu hajui kusoma, yeye hupiga muhuri tu. Naweza kuandika Ijumaa naye akapiga, lakini siku atakapogundua sina kazi, na pengine sina boma. Naweza kumtuma shemeji kwa D.C., lakini ataniuliza Jumamosi ilitoka kwa nani. Au ninyamaze, nao siku hiyo waimbe kanisani kwao huku wakisikia makelele yetu bondeni tukipanga mistari. Naogopa, ndugu zangu. Chifu namwogopa, lakini mke wangu namwogopa zaidi.

Maana gazeti hili hutufikia kwa basi kila Ijumaa, na ukurasa huu yeye huusoma kabla yangu, ameketi jikoni, sufuria ya chakula cha kesho iko motoni. Jina langu mmelificha, nashukuru, lakini akifika kwenye kile kikombe cha chai atajua. Niambieni, mngekuwa mimi mngefanya nini? Niandike siku gani kwenye karatasi hii? Na yeye je, ningoje asome mwenyewe, au nimwite leo nimtazame usoni, nimwambie ni mimi niliyesema Jumamosi?