Safari Aliyoipanga Danson Kinyua

Mwaka wa 1955 hapakuwa na mtu pale Sosiot aliyeijua barabara ya Pwani kama Danson Kinyua, na hapakuwa na mtu aliyekatazwa kuipita kama yeye. Hilo lisemwe mapema, asije mtu akauliza katikati ya hadithi mbona mwenye gari hakuendesha gari lake.

Danson alikuwa Mkikuyu wa Murang'a. Ujanani aliendesha lori la Mhindi mmoja wa Mombasa kwa miaka minne, akibeba nazi, korosho na boriti, kaskazini mpaka Malindi na kusini mpaka Vanga. Baadaye alimfuata mjomba wake Kericho, akamwoa Nyathira, wakapata mtoto wao Wanjuhi, akafungua duka Sosiot, akauza sukari, chumvi na mafuta ya taa hadi akanunua pikapu. Mambo yalikuwa yakimwendea vizuri. Ndipo serikali ya kikoloni ikatangaza Hali ya Hatari, na Wakikuyu wakapewa pasi za kuwaonyesha mwisho wa kutembea kwao. Pasi ya Danson ilikomea mpakani mwa lokesheni. Kila Jumatatu alikwenda kwa chifu kuonyesha uso. Pikapu ililala chini ya banda la mabati, na kila Jumamosi asubuhi aliiwasha, akaiacha ingurume kidogo, akaizima. Nyathira alisema gari lile linatunzwa kama mgonjwa.

Hata hivyo Danson hakuwa mtu wa kulalamika, na alikuwa na sababu. Mwaka wa 1953, malori yalipokuja kukusanya Wakikuyu wa sehemu zile, jirani yake Hezekiah, dereva wa trekta katika shamba la chai na mzee wa kanisa, alisimama mbele ya chifu na kofia mkononi akasema, "Huyu ni mtu yetu. Akiharibu, mimi nifungwe." Hakusema zaidi ya hayo, maana Hezekiah si mtu wa maneno. Malori yaliondoka bila Danson. Tangu siku hiyo Danson alikuwa akitafuta namna ya kumshukuru, na kila alipompa sukari ya bure, Hezekiah aliirudisha.

Nafasi ilipatikana kupitia kwa mama yake Hezekiah. Kijiji kizima kilimwita Kogo, yaani bibi, na jina lake lilikuwa Taprandich. Macho ya Kogo yalikuwa yakifunikwa na utando mweupe. Daktari alisema la kulia limekwisha, na la kushoto huenda lisimalize mwaka. Kogo alisikiliza, akafunga shuka lake, na walipofika nyumbani akatoa neno lake.

"Mimi nataka kuona Kipkemoi," alisema. "Sio kusikia. Kuona."

Kipkemoi alikuwa mwanawe wa kwanza, kaka yake Hezekiah. Aliondoka wakati wa vita baada ya kukosana na baba yake kuhusu ng'ombe, akaenda Pwani, akanyamaza. Habari ya kwanza na ya mwisho ililetwa mwaka wa 1946 na Mkisii mmoja aliyeitwa Arasa, aliyekuwa akirudi kwao kupitia Sotik. Arasa alikunywa maziwa kwa Kogo, akasema kwa Kiswahili kwamba Kipkemoi yuko kazi, akaenda zake, na hakuonekana tena. Kwa miaka tisa familia iliishi na maneno hayo mawili. Kanisani Kipkemoi alikuwa mfano wa kuwachapia vijana wavivu: tazameni mwana wa Taprandich, miaka yote hii yuko kazi tu.

Hezekiah alipewa livu ya siku kumi na nne mwezi wa Agosti. Yeye na mkewe, Rebeccah Chepkirui, wakaja dukani kwa Danson kuuliza kama kuna basi la kwenda Pwani. Danson aliwatazama kana kwamba wamemtukana.

"Basi la nini na pikapu iko hapo?" alisema. "Hezekiah, wewe unaweza trekta. Hii ni trekta ya adabu. Mimi siwezi kuenda, lakini barabara naweza kuwapatia yote, maili kwa maili."

Akapasua mfuko wa karatasi wa sukari, akaunyoosha juu ya kaunta, akalamba ncha ya penseli. Kwa wiki mbili, duka likishapungua wateja, Rebeccah alikaa juu ya gunia la chumvi na Danson akamchorea Pwani. Siku tatu za kwenda na tatu za kurudi. Kericho, Nakuru, Nairobi. Kisha vumbi jekundu la Mtito Andei, ambako dirisha hufungwa hata mtu akiona joto. Kisha Voi, pa kulala. Ndovu akisimama barabarani, zima injini, wala usimpigie honi, maana barabara ni ya babu yake. Zingebaki siku nane za kumtafuta Kipkemoi mji kwa mji.

Kumtafuta wapi? Danson alifikiri kama dereva: anayekaa Pwani kwa kazi, atakuwa penye kazi. Akaandika siku mbili bandarini Mombasa. Akaandika Mtwapa, na feri inayovutwa kwa mikono na watu wanaoimba. "Wakiimba usiwaharakishe, shemeji, wimbo ndio injini." Akaandika Vipingo, kwenye mkonge, halafu Takaungu, Kilifi na feri yake, mwishowe Malindi. Kila mji aliuwekea mahali pa kulala na jina la mtu wa kuulizia, ingawa baadhi ya watu hao alikuwa hajawaona kwa miaka kumi na tano na hakujua kama wangali hai.

Akamfundisha na adabu pia. "Huko husemi, wewe leta chai. Unasema, naomba chai."

"Naomba? Kwani ni ya bure?" Rebeccah aliuliza.

"Unalipa, lakini unaomba kwanza."

Rebeccah alicheka mpaka akashika tumbo. Lakini usiku huo huo Hezekiah aliombwa chumvi mezani, akadhani mkewe anaumwa.

Katika siku zile Danson alijisikia mwepesi. Mkono wake ulipopita kwenye karatasi alisikia tena usukani, na harufu ya korosho zikichomwa. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba miaka ile minne ya jasho, aliyodhani imepotea, sasa ilikuwa na faida kwa mtu aliyemwokoa.

Siku tatu kabla ya safari, mchana, Kogo alikuja mwenyewe na fimbo yake kukagua. Alikalishwa kwenye kiti pekee cha duka, na Danson akamsomea mpango mzima, tangu Mombasa mpaka Malindi, kwa sauti ya mtu anayejivunia kazi yake. Kogo alisikiliza mpaka mwisho.

"Na Kazi iko wapi hapo?" aliuliza.

"Kazi iko kila mahali, Kogo. Bandarini iko, kwenye mkonge iko."

"Hapana, Tanson. Mimi niliuliza Arasa, ni kazi gani? Yeye alicheka. Alisema, Kazi ni Kazi, mama, iko moja tu, kila dereva anajua."

Rebeccah akatabasamu. Hadithi hiyo waliisikia nyumbani kila Krismasi. Lakini penseli ya Danson ilikuwa imesimama.

"Kogo," alisema polepole, "ile kitu yangu iko chini ya mabati nyuma ya duka, unaiitaje?"

"Kari," Kogo alijibu.

"Na mimi ninaitwa nani?"

"Tanson. Wewe umesahau jina yako?"

Danson akajipiga kofi la paji la uso mpaka Nyathira akatokea jikoni. Kwa ulimi wa Kogo, gari ni kari. Danson ni Tanson. Na yeye mwenyewe, dereva mzima wa Pwani, alikuwa amesikia habari za Kipkemoi kwa miaka yote hiyo, akakaa nazo kama gogo!

"Ni Gazi!" alipiga kelele. "Si kazi! Gazi! Ni mji! Unavuka feri ya Likoni, unaenda kusini, unapita Tiwi, unapita Ukunda, unafika Gazi. Nimelala Gazi mimi! Nimekula samaki Gazi mara mbili kila mwezi! Arasa hakusema Kipkemoi anafanya kazi. Alisema yuko Gazi!"

Rebeccah aliitazama karatasi, miji yote ile ya kaskazini aliyokwisha kuikariri, na akaelewa jambo lililomtia baridi: wangezunguka siku nane upande ambao Kipkemoi hayuko, na kumrudisha mama mkwe nyumbani na jicho lililobaki likiwa halijaona kitu. Kogo yeye alikuwa akilia kimya, na midomo yake ikijaribu neno lile jipya, na kila mara likitoka lile lile la zamani.

Danson akapasua mfuko mwingine. Safari hii mpango ulikuwa mfupi. Mombasa usiku mmoja. Feri ya Likoni asubuhi. Tiwi, uliza hali ya barabara, maana mchanga hunasa magurudumu. Ukunda, pumzisha injini. Gazi kabla ya adhuhuri. Na wasipomkuta, Msambweni na mashamba ya miwa, kisha mpaka Vanga, siku zilizobaki zote. Chini kabisa akaandika kwa herufi kubwa: G, KAMA YA GARI.

Waliondoka Jumanne alfajiri. Hezekiah aliomba, akaomba kwa urefu, kisha akaingiza gea kama mtu anayeshika yai. Kogo alikaa katikati, na nguo yake ya kanisani. Danson alisimama mbele ya duka mpaka vumbi likatulia, akarudi ndani kupima sukari.

Lakini alisafiri nao. "Leo wako Nakuru," aliwaambia wateja. "Leo wanalala Voi." Wateja wakazoea, na hata ambao hawakutaka kitu walipita kuuliza, "Wamefika wapi?" Siku ya nne, saa sita mchana, Danson alifunga duka kwa muda, akakaa kwenye banda la pikapu, palipobaki doa la oili, akaomba. Sosiot yote ilijua kwamba saa hiyo ndiyo ya Gazi.

Siku ya kumi na nne, yapata saa kumi alasiri, pikapu ikaonekana ikipanda kilima, nyekundu kwa vumbi kuliko ilivyoondoka. Danson alitoka nje na kitambaa cha kaunta mkononi. Aliona vichwa viwili mbele, vya Hezekiah na Rebeccah. Katikati yao palikuwa patupu.

Alifikiri: mimi ndiye niliyemwandikia mwanamke mzee maili zote zile.

Rebeccah alishuka mbio. "Baba Wanjuhi, usiangalie hivyo! Yuko mzima! Amekataa kurudi!"

Wakaingia ndani, Nyathira akaleta chai, na Rebeccah akasimulia, maana Hezekiah aliyeweza kusimulia hajazaliwa. Walifika Gazi saa nne. Mtu wa kwanza waliyemuuliza alisema, "Kipkemoi wa maziwa? Piteni msikitini, nyumba ya tatu." Katikati ya minazi na bahari, Kipkemoi alikuwa amefuga ng'ombe sita, anauza maziwa mji mzima, ameoa Mdigo na ana watoto watatu. Alikuwa akija na ndoo mkononi. Kogo alimwona kwa mbali akasema, yule anatembea kama marehemu baba yake.

"Alikuwa anangoja jibu miaka tisa," Rebeccah alisema. "Alimtuma Arasa kutuambia mahali iko. Akaona tumenyamaza, akajua tumemtupa."

Hezekiah akatazama chai yake.

"Kogo alimshika uso na mikono mbili," Rebeccah akaendelea. "Akageuza uso kwa jua, upande wa jicho yake ya kushoto. Akaangalia. Chai ikaletwa, ikapoa. Siku ya kurudi tukamwambia twende, akasema hapana. Kama jicho imebaki na miezi minne, hiyo miezi yote ni ya Kipkemoi. Krismasi atamrudisha mwenyewe."

Hezekiah akasimama, akauweka ufunguo wa pikapu juu ya kaunta, akaushika mkono wa Danson kwa mikono yake yote miwili. "Kongoi, Danson," alisema. "Kongoi mising."

Neno hilo la shukrani Danson alilijua vizuri, lakini alikuwa hajawahi kulipokea. Alitaka kujibu kwamba mwenye kushukuru ni yeye, akaishia kuitikisa mikono ile. Huko Murang'a, katika kijiji kilichozungushiwa mtaro na miba, alikuwa na mama yake mwenyewe, na miaka mitatu ilikuwa imepita bila kumwona. Jambo hilo hakuwahi kulitaja dukani, kwa sababu hakukuwa na penseli ya kuichora njia ile. Na bado, jioni ile, moyo wake ulijaa furaha kweli kweli: mama wa mtu alikuwa amefika.

Akajifuta uso kwa kitambaa cha kaunta.

"Shemeji," alisema, "hebu rudia hapo. Alimshika uso namna gani?"

Rebeccah akaweka kikombe chini, akainua mikono yake miwili, akamwonyesha.