Karatasi za Karanga za Kulthumu

Mwalimu Felomena alihamia Nachingwea kutoka Songea mwaka 2003, akakabidhiwa chumba chenye kompyuta tatu na vijana kumi na wawili wasiosikia la mtu. Mmoja tu, Dominiko wa Lionja, alitosha kumchosha kuliko wote.

"Faili la mwenzio ni kama sanduku lake la nguo. Usilifungue!" Kila siku alisema. Angeliambia jiwe, lingeshasikia.

Alhamisi moja mwanafunzi mwenzao Zulekha, mke wa mtu, akamwandikia kwa kompyuta mumewe aliyeko Dar kwamba mama mkwe, Bi Zaina, anamnyima hata chumvi. Akatoka kwenda kuswali. Dominiko huyo, kafungua barua, katoa nakala tano kwenye printa, kaisoma kwa sauti. Wenzake hoi kwa kucheka.

Felomena akamnyang'anya karatasi. "Huna haya?"

"Si utani tu, Mwalimu!"

"Nani mtani wako humu?"

Akazitupa kwenye boksi la karatasi zilizoharibika. Akasahau, msomi mzima, kwamba boksi lile kila Ijumaa humpa Kulthumu afungie karanga sokoni.

Jumamosi Bi Zaina akanunua karanga. Kusoma anajua, alijifunza ukubwani. Akatafuna tatu, akasoma karatasi, ya nne haikushuka.

Jioni Zulekha yuko mlangoni kwa Felomena na furushi.

"Kakufukuza?"

"Hajasema kitu, Mwalimu. Kanipa tu ile karatasi. Ndiyo maana naogopa."

Felomena akamkokota Dominiko mpaka kwa Bi Zaina, Zulekha nyuma yao.

"Mama, huyu kafungua barua isiyo yake. Na mimi nikazitupa nakala zake tano bila kuzichana."

Bi Zaina akawatazama kama takataka.

"Mkamwana kunisema kwa mumewe, hayo yao. Mimi mwenyewe nilimsema mama mkwe wangu, tena vibaya zaidi. Nyie ndio mmenipeleka sokoni! Ziko wapi zingine nne?"

Felomena akaonyesha kidole upande wa sokoni.

"Zulekha, ingiza nguo zako ndani. Chumvi iko juu ya kabati. Nyie wawili, Kulthumu hajafunga biashara. Mkafungue karanga zake moja moja."

Wakachuchumaa sokoni, mwalimu na mwanafunzi, watu wakiwazunguka. Zikapatikana tatu. Ya mwisho haijaonekana mpaka leo, na kila anayecheka njiani, Felomena hugeuka kumwangalia mikononi.