Ringi Sita za Zege

Ukungu haujaondoka Makere, na Bazilio Ndayikunda amelala kifudifudi ukingoni mwa kisima, kichwa kikining'inia shimoni. Mwenzake, Melkiadi, ameshika kamba. Mshumaa ndani ya kopo unateremka polepole, unafika chini, unaendelea kuwaka. Hewa ni salama.

Hata hivyo Bazilio hainuki. Anasikiliza.

"Mshumaa unanionyesha hewa tu," anasema baadaye, akijipangusa umande kifuani. "Mchanga unausikiliza kwa masikio."

Bazilio, mwenye miaka arobaini na mitatu, amechimba visima vya vijiji vya Kasulu na Kibondo tangu ujana. Wazazi wake walitoka Burundi wakiwa wakimbizi. Yeye ni raia wa Tanzania, ana shamba la mihogo na watoto wanne wanaosomeshwa kwa kazi hiyo. Kila asubuhi, anakiri, huogopa kushuka.

"Watu hudhani nimezoea. Sijazoea."

Mwaka jana hofu hiyo ilimfuata hadi juu, kwenye mapatano ya bei.

Dorcas Habonimana, mjane anayeuza maharage sokoni, alimwita amchimbie kisima nyuma ya nyumba. Walipatana shilingi laki sita kwa futi arobaini. Bazilio alitaja bei hiyo akiwa amesimama juu ya udongo mwekundu, mgumu, ule unaosimama wenyewe kama ukuta. Dorcas akalipa nusu, pesa aliyoitoa kwenye kikoba, kikundi chao cha kuweka akiba.

Walipopita futi ishirini, sururu ikaacha kulia. Udongo uligeuka kijivu, mwepesi, ukichuruzika pembeni kama unga unaovuja guniani. Bazilio alijua maana yake. Hapo hachimbi mtu bila ringi za zege za kuzuia kuta. Ringi moja, mpaka ifike, ni shilingi elfu sabini. Zilihitajika sita.

"Nilikaa chini muda mrefu kuliko ilivyofaa," anasema. "Naogopa mchanga, na naogopa kupanda kwenda kumwambia yule mama."

Alipomwambia, Dorcas aliweka ungo wake chini.

"Baba Moses," akamwita kwa jina la mwanawe, "tulipatana laki sita."

"Tulipatana, mama. Lakini huko chini nimekuta mchanga."

"Ulipotaja bei huo mchanga haukuwepo?"

"Ulikuwepo. Sikuuona."

"Sasa usichokiona wewe, nikilipe mimi?"

Bazilio akakunja kamba yake, akaenda nyumbani.

Dorcas anaikumbuka siku hiyo bila kujitetea. Miaka michache nyuma, fundi wa paa alimwongezea gharama mara tatu, kisha akatoweka na mabati. "Nilisikia tu kwamba bei inaongezeka. Nikasema moyoni, yameanza tena. Hiyo laki nne na zaidi ningeitoa wapi? Niuze nyumba ninywe maji?"

Ndipo akatokea mchimbaji mwingine, akaahidi kumaliza kazi bila ringi hata moja. Dorcas akamtumia Bazilio ujumbe: amalize kwa bei ya mapatano, au arudishe pesa. Nusu aliyolipwa Bazilio ilikuwa imekwisha kwenye ada za watoto na mbolea.

"Nilimsihi asiende," anasema Esteri, mkewe. "Nikamwambia tuuze mbuzi tumlipe. Akasema mbuzi wote hawafiki laki tatu. Akaondoka bila kutia kitu mdomoni. Nikabaki nimeshika sahani."

Bazilio akashuka, huku akijua anachokishukia. Alijaza ndoo mbili, tatu. Kisha punje zikamdondokea shingoni. Akatulia. Nyuma ya mgongo wake ikasikika sauti kama ya mtu anayeburuta mkeka.

Akatikisa kamba iliyofungwa kiunoni mwake. Melkiadi hakuuliza, akavuta. Bazilio akaanza kupanda kwa kukanyaga vishimo alivyokuwa amechonga ukutani, vingine vikimeguka chini ya mguu. Dorcas, aliyekuwa akianika maharage uani, aliona jinsi Melkiadi alivyokuwa akiteleza kuelekea shimoni. Akakimbia, akaishika kamba naye.

Ukuta ukaporomoka. Mchanga ulimdaka Bazilio miguu, ukamvua buti moja. Wakavuta. Akatokeza akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akakaa chini, akitema mchanga.

"Mikono yangu ilichunika," anasimulia Dorcas. "Nilimtazama nikamfikiria mkewe. Ningemwambia nini? Kwamba niliona ringi ni ghali?"

Yule mchimbaji mwingine alikuja, akachungulia mara moja, akaenda zake.

Dorcas na Bazilio walizungumza upya wakiwa wamekaa chini pale pale uani. Dorcas angenunua ringi mbili mbili kadiri maharage yanavyouzika. Bazilio angesamehe nusu ya laki tatu iliyobaki. Shimo likafunikwa kwa magogo, likangoja. Maji yalipatikana baada ya mavuno yaliyofuata, na Bazilio aliyafikia akiwa ndani ya zege.

Siku hizi hutaja bei mbili kabla ya kugusa jembe, mbele ya shahidi: bei ya udongo mgumu, na bei ya mchanga. Humwomba mteja aitenge pesa ya ringi; isipohitajika, inabaki kuwa ya mteja. Si wote wanaokubali.

"Wengine huniambia, wewe unatutisha ili utule," anasema. "Wanaenda kwa mwenye bei moja. Nikisikia kisima kinachimbwa jirani, siwezi kula vizuri mpaka nisikie kimekwisha."

Mpango wake ni kununua kalibu ya chuma ya kutengenezea ringi mwenyewe, ambayo kwa fundi wa kuchomelea Kasulu mjini inafika laki tisa. Yeye na Melkiadi wameweka chini ya nusu. Akiipata, anasema, ataweka ringi kwanza, mteja alipe kidogo kidogo.

Esteri anamsikiliza, hatabasamu. Kwake, simu ikiita kabla ya mchana, bado hudhani kisima kimemfukia mumewe.

"Mchanga nitauogopa mpaka nife," anasema Bazilio. "Ila nataka nifike mahali nimwambie mwenye kisima, 'Mama, mchanga upo,' na nisimwogope yeye pia."