Kilio ya muntu wa katuni

Leo bajirani balikuya kulilia mutoto yangu Kalenga, na yeye iko muzima!

Tangu asubui masasi ya bunduki inalia mu mji. Kalenga alienda ku kazi mu mugodi ya Kinsevere jana, hakurudia, telefone haipite.

Nikaangalia na mujikulu wangu katuni ya Japon, ya benye kupigana kati ya nyota. Ule mwenye nguvu kupita bote akakufa. Weee! Nikashika kichwa, nikalia.

Bajirani bakasikia, bakafikiri ni Kalenga, bakakimbia mu masasi na mikeka yabo ya kukalia ku kilio. Mama Ilunga akajitupa chini: "Kalenga, unatuacha na nani?"

Nikamulalamikia: "Nyamaza! Ni wa katuni njo alikufa!"



Pale pale Kalenga akaingia, viatu mu mukono juu ya kukimbia masasi. "Mama, nani alikufa?"

Nikamupiga kofi, nikamukumbatia.

Mama Ilunga akakatala kuenda: kilio haifungwe bila chakula.

Kalenga alikula bukari, ugali ya kilio yake mwenyewe. Muliona hii wapi?